Nywele za Nambari Kumi na Saba

Kazi yangu ilikuwa kusimama nje ya mlango wa choo na kusikiliza. Nimefanya kazi nyingine za aibu kuliko hiyo, na hii angalau ilinifundisha kitu: nilijua kutofautisha mtu anayekojoa na mtu anayemimina maji kutoka kwenye chupa aliyoificha. Anayekojoa huanza kwa nguvu, hupunguza, husita, kisha hurudi kidogo kana kwamba amekumbuka jambo. Anayemimina huenda sawasawa hadi mwisho.

Hiyo ilikuwa Kalemie, mji wa bandari kando ya ziwa, miaka ile nchi ilipoitwa Zaire. Kampuni fulani ya kigeni ilikuja kupima chini ya ziwa, ikitafuta mafuta. Walikodi nyumba ya zamani ya Wabelgiji kule kilimani, na meli yao ikafungwa bandarini. Juu ya meli kulikuwa na mashine kubwa ya kukunjia kamba ya chuma, kamba ndefu ambayo ingeteremsha vyombo vyao mpaka kwenye matope ya chini kabisa. Kamba ya namna hiyo ikivutwa vibaya hukatika, na ikikatika humpitia mtu kiunoni kama kisu kwenye muhogo. Walisema ilishatokea, mahali fulani mbali, mikononi mwa mtu aliyekuwa amevuta bangi. Kwa hiyo wakubwa wao wa ng'ambo walitoa sharti: yeyote atakayepanda meli, mweupe au mweusi, atoe mkojo na nywele, vikapimwe.

Mimi nilikuwa mtu wa kutangatanga. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa kukosa minerval, ile ada ya shule, bali kwa kutaka kuona treni ya Kabalo inaishia wapi. Tangu hapo nilishabeba magunia Moba, nilishachimba mifereji Bendera, nilishakaa miezi minne Piana-Mwanga nikingoja kazi ya bwawa ambayo haikuja. Kampuni iliniajiri kufagia. Lakini niliuliza maswali mengi mno kuhusu chupa na bahasha zilizokuwa kwenye chumba cha nyuma, mpaka enfirmie, muuguzi aliyesimamia vipimo, akaona afadhali anitumie kuliko anijibu.

Enfirmie huyo alikuwa mtu wa Lubumbashi, mwenye umri wa baba yangu, suruali yake daima na mkunjo uliopigwa pasi. Kila mtu alimwita sitwayeni, yaani raia, kama serikali ya siku zile ilivyotaka watu waitane, hata mbwa wa mlinzi.

Mambo ya mkojo niliyaelewa siku ya kwanza. Mtu anaingia, anatoa kila kitu mfukoni, ananawa mikono mbele yetu. Anapewa kikombe chenye ukanda mdogo ubavuni, unaobadilika rangi kwa joto. Maji ya choo tumeshayatia rangi ya bluu asije akayachota, na bomba tumelifunga kwa utepe. Anaingia peke yake, mimi nasikiliza. Akitoka, tunausoma ukanda haraka, kwa kuwa mkojo wa kweli hutoka na joto la tumbo, na joto hilo halingoji. Kisha tunaugawa kwenye chupa mbili, tunabandika utepe juu ya vifuniko, mwenyewe anatia sahihi juu ya utepe, enfirmie naye anatia yake. Jina haliandikwi popote. Ni nambari tu. Chupa moja inapimwa, nyingine inalala kwenye baridi, ikingoja siku mwenye nambari atakapobisha.

Nywele ndizo zilizonisumbua akili.

"Mukojo njo gazeti la wiki hii," enfirmie aliniambia, akisema njo badala ya ndiyo kama watu wetu wote. "Unasoma ya juzi, ya jana, basi. Nywele njo kitabu."

Alinieleza akiwa amekaa kwenye kiti cha kunesa, miguu juu ya meza. Unywele unalishwa na damu pale unapoota. Chochote kinachopita ndani ya damu, unywele unakinywa kidogo na kukifungia ndani yake, kisha unasukumwa nje. Kila mwezi unatoka kama sentimita moja. Ukikata karibu na ngozi, ulichoshika mkononi ni miezi ya yule mtu, ya karibuni upande wa ngozi, ya zamani upande wa ncha. Ndiyo maana tulikata nyuma ya utosi, kishungi cha unene wa penseli, tukakilaza juu ya karatasi ya aluminiamu bila kugeuza, tukaandika upande upi ulikuwa wa kichwa. Kisha bahasha, utepe, sahihi.

"Akinyoa, je?" niliuliza.

"Akinyoa ameikataa kazi. Kuna sehemu ya kuandika hivyo."

"Na nywele zenyewe zinarudi?"

Alinitazama juu ya miwani. "Zirudi kufanya nini?"

Bahasha tulizipanga kwenye droo moja kungoja ndege. Kila nilipoifungua niliifungua polepole, sijui kwa nini. Zilikuwa nyepesi mno. Mtu mzima, na miezi yake yote aliyokunywa na kuugua na kuficha, upepo wa feni uliweza kumwangusha mezani. Siku moja mchana nilisikia droo inachakarisha kama mtu anayejigeuza kitandani. Nilipoifungua niliona mende. Hata hivyo sikuufunga mlango wa chumba tena nilipokuwa ndani peke yangu.

Nambari kumi na saba alikuwa mtu wa mashine ya kamba. Alitoka kaskazini, pwani za Fizi, akateremka Kalemie kuvua pamoja na mama yake. Nyavu zake zilikwenda na dhoruba, mke wake akarudi kwao. Wageni walijaribu watu sita kwenye mashine ile kabla yake, na wote walitazama ile saa yenye mshale inayopima mvuto wa kamba. Yeye hakutazama saa. Aliweka kiganja juu ya chuma na kusema, "Sasa inachoka, tulia," nao wakatulia, na mshale ukawa pale alipotaja. Walimwahidi kazi ya miaka miwili, kutoka huku mpaka mwisho wa ziwa kusini. Karatasi ya mkataba ilikwisha kupigwa taipu. Ilibaki majibu ya ng'ambo tu. Naye hakuvuta wala hakunywa. Jumapili alikuwa kwenye kwaya, sauti nene ya nyuma.

Mkojo aliutoa siku ya Jumatatu bila matata. Nywele zilikuwa za Jumanne. Jumanne enfirmie akaamka na malaria, akawa amelala chumba cha pili chini ya blanketi mbili, meno yakigongana, akaniambia niendelee, nimletee bahasha kitandani azitie sahihi. Nilikata watu wanane. Wa tisa alikuwa yeye. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakuingia.

"Yaya," alisema, akiniita kaka mkubwa, "mukojo nilitoa. Mukitaka nitawajazia beseni. Lakini nywele hazitapanda ndege."

"Ni kidogo tu. Kama penseli."

"Hata moja. Mama alisema akisikia nywele yangu imevuka maji, atalala chini pale bandarini mpaka meli imupite juu."

"Meli haipiti nchi kavu."

"Wewe haumujue mama."

Sikumcheka sana. Kwetu kando ya ziwa nywele zilizokatwa hazitupwi ovyo. Mama wa mtu anazikusanya, anazichoma au anazizika mwenyewe, maana aliyeshika nywele zako ana mkono juu yako. Watu wa kanisa nao hufanya vivyo hivyo. Hawasemi sababu tu.

"Basi kazi hakuna," nilimwambia. "Njo sharti lao."

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha kunyolea, akatazama viganja vyake. Mikono ile ilikuwa mikubwa na haikuwa na pa kwenda. Baada ya muda akasema, "Weka zako. Nywele njo nywele. Nani atajua?"

"Zangu zitakufunga. Juzi juzi nilikuwa Moba na watu wa bangi."

"Basi za muntu safi."

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kusema hapana. Lakini nilimpenda yule mtu, na zaidi ya hilo, nataka kusema kweli, nilitaka kujua kama wale wa ng'ambo wangegundua. Nilimwambia arudi saa kumi.

Mbele ya lango la hospitali kulikuwa na kinyozi aliyefanyia kazi kwenye kiti alichokitoa katika behewa bovu la treni. Watu walimpenda kwa sababu alijua desturi: nywele za kila mteja alizikunja kwenye karatasi yake, akaziweka ndani ya kopo kubwa la maziwa mpaka mama au binti wa nyumba apite kuzichukua. Hakuandika majina. Alijua kila karatasi kwa mkunjo wake.

"Enfirmie wetu anatafuta nywele za muntu muzuri," nilimwambia. "Anataka kujaribia dawa zake za kupimia."

"Muzuri wa sura ama wa roho?"

"Wa roho. Asiyevuta, asiyekunywa."

"Hapa Kalemie?" Alicheka mpaka mteja wake akashika sikio. Kisha akafuta mikono, akachagua kikaratasi kimoja. "Huyu njo katekista. Hata divai ya misa anaionea haya. Chukua kidogo, baki unirudishie. Binti yake atazipitia."

Ndani kulikuwa na kishungi kirefu, upana wa vidole viwili kamili, kimefungwa uzi kwenye upande uliokatwa.

"Ndefu hivi kwa katekista?"

"Alikuwa hajanyoa siku nyingi," kinyozi alisema, akarudi kwenye kichwa cha mteja wake.

Nilirudi kilimani. Nywele nyingi zilikuwa nyeusi, lakini ndani yake zilijipenyeza mvi, na nambari kumi na saba hakuwa na hata mvi moja. Nikakaa karibu na dirisha, saa nane mchana, jua likiwa kali juu ya ziwa, nikaanza kuzitoa mvi moja moja kwa sindano. Zile nyeusi nilizilaza zote kwenye karatasi ya aluminiamu, maana pungufu yake zisingetimia unene wa penseli. Mvi nilizitia ndani ya kiberiti kitupu. Ni kazi inayotaka usipumue kwa nguvu. Chumba cha pili enfirmie alikuwa akiongea na homa yake kwa Kifaransa, akimjibu mtu ambaye hayupo. Nikawa najisikia kama ninamvua mtu nguo akiwa amelala.

Saa kumi mwenyewe akaja, akatia sahihi juu ya utepe bila kuuliza zilitoka wapi. Enfirmie akatia yake, macho yamefumbwa nusu. Nambari kumi na saba ikalala kwenye droo pamoja na wenzake, na Ijumaa ndege ikazichukua zote.

Wiki iliyofuata kinyozi alipanda kilima kunitafuta. Alisimama nje ya ukuta, hakutaka kuingia.

"Katekista amekufa," alisema. "Binti anataka nywele. Watamuzika saa tisa, nazo zinapashwa kwenda naye."

Sikuwa na cha kumpa isipokuwa kile kiberiti. Alikifungua, akatazama, akakifunga.

"Nyeusi ziko wapi?"

Nilinyoosha kidole kuelekea uwanja wa ndege. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo, jinsi kinyozi anavyotazama kichwa chenye kidonda. "Nitamuambia zilichukuliwa na upepo," alisema. Baadaye nilisikia kwamba binti alizipokea bila neno, akazihesabu kwa macho, akaziweka chini ya kichwa cha baba yake. Katekista alizikwa na mvi zake tu.

Majibu yalichukua wiki tano. Enfirmie alifungua bahasha kubwa mbele yangu, akasoma karatasi moja moja akisema "Bon, bon, bon," mpaka akafika moja iliyomkatiza. Akaiweka mezani. Akaichukua tena.

"Kumi na saba," alisema. "Unamujua huyu. Anaugua?"

"Ni muzima kuliko sisi."

"Wameona mofini."

Sikulijua neno hilo. Alinieleza kuwa ni dawa ya maumivu, ile kali ya mwisho, na kuwa mtu anaweza kuizoea na kuitafuta kama pombe. Kisha alinionyesha mistari mitatu. Kule ng'ambo walikuwa wamekikata kile kishungi vipande vitatu na kupima kila kimoja peke yake. Cha nchani, cha miezi ya nyuma: kidogo. Cha katikati: zaidi. Kile cha karibu na ngozi: nyingi, nyingi mno.

"Muntu anayepanda ngazi," alisema enfirmie. "Lakini tazama mukojo wake, wa wakati ule ule. Safi kama wa mutoto. Gazeti linasema hakuna kitu, kitabu kinasema anakufa." Akavua miwani. "Sitwayeni, hawa ni watu wawili."

Nilisema ninakwenda kununua sabuni. Nilikwenda moja kwa moja kwa kinyozi. Hakukuwa na mtu kwenye kiti, kinyozi alikuwa akinoa wembe.

"Yule katekista," nilimwuliza, "ulimunyolea wapi?"

"Ndani," alisema, akielekeza wembe hospitalini. "Wodi ya mwisho. Tumbo lilikuwa limemumaliza. Masista walimupa matone ya kutuliza maumivu. Kwanza asubuhi na jioni. Halafu kila mara alipolia. Binti alisema nimunyoe angali anasikia, kusudi aone nywele zake zinakunjwa vizuri." Akajaribu wembe kwenye kidole gumba. "Wewe uliniuliza muntu asiyekunywa. Haukuniuliza muntu mugonjwa."

Nilirudi kwa mguu, polepole. Nilikuwa nimeomba kichwa kilicho safi kuliko vyote mjini, nikakipata. Na sasa yule mzee alikuwa kwenye karatasi yenye mhuri, na maumivu yake yamepangwa mwezi kwa mwezi, yakipanda kuelekea mlango ule ambao sote tunaujua, na juu ya karatasi ile kuna nambari ya kijana anayeimba kwaya.

Nilimwambia enfirmie kila kitu. Hakupiga kelele. Alizipanga karatasi za majibu moja moja kwa nambari, mpaka nikatamani angepiga kelele.

"Wewe kesho hauna kazi hapa," alisema mwishowe. "Hilo limekwisha. Bon. Sasa yeye. Miezi ile ile ya kwenye karatasi, anayo bado kichwani. Ananyoa mara kwa mara?"

"Hapana. Ameziacha tangu aanze mashine. Anasema atanyoa siku meli ikiondoka."

"Basi bado anaweza kujitetea. Kesho saa mbili uniletee huyo muntu, nikate kwa mukono yangu, mbele ya mukubwa wa meli. Nitaandika barua. Watamungojea. Lakini nikate mimi, umesikia? Kwenye kichwa."

"Nimesikia."

Mama yake alikuwa na nyumba ya udongo upande wa pili wa mto Lukuga, karibu na majani ya ukingoni. Niliwakuta wawili nje, yeye akishona wavu wa watu, mama akichambua dagaa kwenye ungo. Niliwaeleza yote, hakuna nilichoficha: kinyozi, katekista na tumbo lake, matone, ngazi ya mofini, barua. Nilimwona mama akiacha kuchambua. Vidole vilibaki juu ya ungo.

"Kwa hiyo kule," aliuliza, "mutoto yangu njo nani?"

"Njo nambari kumi na saba, Mama."

"Na huyu aliyekufa?"

Mama akamgeukia mwanawe, akamtazama tumboni.

Yeye alikuwa ameweka wavu chini. "Kama ni hivyo nitatoa zangu," alisema. "Afadhali ziende zangu kuliko nikae kule na maiti ya muntu. Mama, nasema nitatoa."

Nilidhani mama atakataa, nikajiandaa kubishana. Hakukataa. Alisema taratibu kabisa, "Sawa. Wapewe." Alinikaribishia dagaa wa moto, nikala, nikaondoka nikiwa mwepesi moyoni.

Asubuhi nilisimama kwenye baraza ya nyumba ya kampuni kuanzia saa moja. Niliwaona wakipanda kilima, mama mbele, mwana nyuma, amevaa shati la kwaya na kofia. Mkubwa wa meli alikuwa ameshaketi ndani, kahawa mkononi. Enfirmie alikuwa ameweka mkasi kwenye kitambaa.

Mwana akavua kofia.

Kichwa kiling'aa. Kilikuwa kimenyolewa kwa wembe, hadi nyusi zilikuwa zimeguswa, na shingo ilikuwa na mikwaruzo midogo ya damu iliyokauka. Enfirmie alimfungua kifungo cha shati, akatazama kwapani. Hapo pia hapakuwa na kitu. Alimtazama miguuni, mikononi. Laini kama mtoto wa kuzaliwa.

Mama akafungua kanga yake. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa nywele, zote, nyeusi, zimefungwa vishungi vishungi kwa uzi mweupe, kila kishungi kimelazwa upande mmoja. Alikuwa amekesha akifanya kazi hiyo. Alizishika kwa mikono miwili.

"Papa enfirmie," alisema, "nilimukata mwenyewe. Hakuna mukono mwingine uliomugusa. Muntu aliyechanganywa na maiti, lazima anyolewe, njo kwetu, hauwezi kumutoa nje vile alivyo. Sasa ametoka. Na nywele njo hizi, za kichwa chote, si za penseli. Pelekeni."

Ninajua mwanamke yule alikuwa ametoa nini. Alikuwa ametoa kikubwa kuliko vyote ambavyo mama anaweza kutoa, na alikuwa amekipanga vizuri kuliko enfirmie yeyote.

Enfirmie aliweka mkasi chini. "Mama," alisema, "siwezi."

"Ni zake."

"Najua ni zake. Ninakuamini. Lakini mimi sikuziona zikitoka kichwani. Kwenye karatasi yao hakuna mahali pa kuandika kuaminiana."

"Zile za kwanza uliziona zikitoka kichwani?"

Enfirmie akawa mwekundu, kama mtu mweusi anavyoweza kuwa mwekundu. Mkubwa wa meli aliuliza kinachosemwa, naye akamtafsiria, si yote. Yule mgeni alimtazama mtu wake wa mashine, akatazama kile kichwa, na nikaona uso wake ukijifunga. Alikuwa na karatasi inayosema mofini, na mbele yake mtu aliyejinyoa mwili mzima usiku wa kuamkia kupimwa. Alisema maneno machache. Nywele za kutosha zingehitaji miezi mitatu kuota, na meli ilikuwa na wiki mbili.

Mama akazikunja tena. Aliteremka kilima peke yake, kitambaa kifuani, akitembea kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Mwanawe alisema alizizika siku ile ile nyuma ya nyumba, akachimba shimo refu kuliko la nywele.

Meli iliondoka na mtu mwingine kwenye mashine, mmoja wa wale waliotazama saa. Mimi nilikaa Kalemie wiki chache zaidi, nikishusha samaki wakavu ufukweni, kwa kuwa sikuweza kuondoka kabla ya kuona mambo yale yanakoishia. Nilikwenda kwao mara kwa mara. Nywele zake zilianza kurudi kama kivuli. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia.

"Zile za katekista," aliniuliza siku moja, "zitakaa kule mpaka lini?"

"Enfirmie alisema wanaziweka kwenye baridi. Muda mrefu."

"Na nambari yangu juu yake."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kule bado niko mugonjwa."

Tulicheka kidogo. Mama yake alikuwa jikoni, akisikia.

Kisha mama akaanza kumwuliza mwanawe. Mwanzoni asubuhi tu: je, tumbo linauma? Mwana alijibu hapana, akacheka, akanikonyeza. Halafu akawa anauliza asubuhi na jioni. Alikuwa na karatasi ile ya majibu, nakala ya rangi ya waridi ambayo enfirmie alimpa mwanawe, na ingawa hakujua kusoma, alikuwa ameiweka ukutani na alijua mistari ile mitatu inapanda. Akaacha kumpikia ugali. Akamkorogea uji mwepesi, usio na chumvi, kama ule wanaopewa watu wa wodi ya mwisho, akaupoza kwa kijiko kabla ya kumpa.

Siku ya mwisho niliyofika, saa nne asubuhi, nilimkuta mwana amelala kwenye mkeka mlangoni. Saa nne mshona nyavu halali. Hakuwa na homa, nilimgusa. Alikuwa tu hana pa kwenda. Mama akaja na bakuli la uji, akachuchumaa, akamwuliza kama tumbo linauma.

Safari hii alinitazama mimi. "Muambie," alisema.

"Mama," nilisema, "tumbo halimuume."

Mama alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza, kisha akamsogezea bakuli. Naye akainuka juu ya kiwiko, akalipokea, akanywa.